Singo ya Mama

Mama alisema haendi tena hospitali. Dozi mbili za dripu ya saratani zilikwishampukutisha nywele na kumwondolea hamu ya chakula. Ya tatu ilikuwa kesho yake.

"Siendi," aliniambia kwenye simu. "Kila anaenigusa siku hizi anatafuta mshipa. Nimechoka, mwanangu."

Niliogopa, na mimi nikiogopa hufanya makeke. Nikampigia daktari wake kumuuliza kama naweza kumkanda. Akasema ruhusa, ila taratibu, na nisiuguse upande wa kifua uliopasuliwa wala mkono uliovimba. Nikaona hilo sasa langu! Bibi yangu alikanda wazazi waliojifungua huko Unguja miaka na miaka, mimi nishindwe na mama yangu? Nikaendesha gari kutoka mtaani kwangu Mabela hadi kwake Azaiba na bakuli la singo ya mawaridi, liwa na karafuu, tayari kumsinga, kumsugua mwili kama bi harusi.

Nilipofunua bakuli tu, Mama akatapika. Dawa zilimfanya asistahimili harufu yoyote, nami nimemletea duka zima la manukato! Nilijichukia. Nikaimwaga singo yote, nikanawa mikono mara tatu, nikaingia jikoni kutafuta kitu kisichonukia. Nikarudi na mafuta ya kukaangia sambusa.

Nikaanza na nyayo, taratibu mno, hata nikajiona nafanya mchezo. Mama kaugeukia ukuta. Mara akasema, "Hapo. Usiondoke hapo."

Nusura nipige kigelegele! Nikaenda kisiginoni, kifundoni, nikarudi vidoleni, navyo vikalegea kimoja kimoja mkononi mwangu.

"Juu kidogo," akaamrisha. "Mbona mikono yako kama ya mtu aliyefunga? Hukula leo?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Wiki nzima hakuwa amemgombeza mtu. Baada ya alasiri akasinzia, mdomo wazi, na mimi nikabaki nimeushika mguu wake, naogopa hata kukohoa. Habari ya hospitali sikuthubutu kuitaja.

Nililala huko huko. Asubuhi nikamkuta sebuleni kavaa abaya, mkoba pajani, chupa ya mafuta ya sambusa mezani mbele yake.

"Unantazama nini? Tutachelewa," alisema. "Na hiyo chupa itie garini. Wao wakishika mkono, wewe shika mguu."