Tochi Iliyotundikwa kwa Jina la Mauwa

Kwa miaka mitatu, katika karakana ya Mzee Najmuddin pale Tabata, tochi ya kuchomelea iliyoungua ilitundikwa ukutani kwa msumari. Mpini ulikuwa umeyeyuka, mpira wake wa kupitishia maji ukining'inia, na juu yake fomeni Adelard aliandika kwa chaki: MAUWA. Maandishi yakififia, aliyakoleza. Kila fundi mgeni alipelekwa pale siku ya kwanza, akaambiwa ndiyo kazi ya mwanamke anayeshika asichokijua, na wote wakacheka.

Mauwa mwenyewe alifukuzwa, akarudi kwao Tandale kuchomelea magrili ya madirisha, kwa sababu hakuna aliyetaka kumpa tena stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Na stenlesi ndiyo ilikuwa raha yake. Alijua hakukosea. Siku ile tochi ilipoungua, moto ulikuwa mdogo, mshono mfupi, na bado mpini ukamchoma kiganja. Kovu analo mpaka leo. Asikudanganye mtu kwamba alisamehe. Alikwenda Temeke, kwenye duka linalouza mashine zinazopozwa kwa maji, akaanzia kufagia, akajifunza kuzifungua mpaka skrubu ya mwisho. Kila aliyoifunga, alimtaja Adelard kimoyomoyo.

Mwezi uliopita simu ikapigwa dukani: mashine ya Mzee Najmuddin imeunguza tochi ya tatu.

"Nakwenda mie," Mauwa akasema kabla hajaulizwa.

Njiani ibilisi alimnong'oneza aache uchafu ndani ya mashine, ife mbele ya Adelard. Akakataa. Hiyo ingekuwa kumpa fomeni ushahidi alioukosa miaka yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee Najmuddin akamtazama, akatazama ukutani, kisha akajifanya anatafuta miwani.

Adelard hakujifanya. "Duka zima wamekosa mtu, wametuletea huyu?"

Mafundi wakasogea. Mauwa akatabasamu kwa upole ambao haukuwa wa kweli hata kidogo.

"Fomeni, nani anajazaga maji kwenye tanki humu?"

"Mie."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kifuniko kina kufuli, na ufunguo ninao mie tangu mashine ifike. Sitaki watu wachezee."

"Mzee umesikia?"

"Nimesikia."

Akachomoa umeme, akafungua mpira chini ya tanki, akakinga ndoo. Kilichotoka ni uchafu wa kijani, mzito kama mlenda. Akaujaza kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaisimamisha mezani mbele ya macho ya watu.

"Uliweka nini?"

"Maji ya kisima na kulanti ya gari. Gari linapoa, hii isipoe kwa nini?"

"Kisima chenu kina chumvi, na chumvi inakula shaba. Kulanti ya gari nayo inaganda. Njia ndani ya mpira ni nyembamba, ikiziba maji hayarudi. Tochi inamuungulia fundi mkononi."

Akaosha chujio. Akatia maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, akaelekeza mpira wa kurudishia kwenye ndoo badala ya tanki, akawasha pampu. Yakatoka ya kijani. Akaizima kabla tanki halijakauka, akatia mengine, na kila mara akajaza chupa na kuipanga. Angeweza kwenda haraka. Hakutaka. Chupa ya sita ilipotoka nyeupe, akarudisha mpira mahali pake, akajaza maji ya kupozea yaliyotengenezwa kwa mashine hizo, na yakarudi tankini kwa mkondo wenye nguvu.

Adelard akakohoa. "Haya, hilo ni la sasa. Ile ya zamani aliiunguza mwenyewe, alizidisha moto."

Maneno hayo Mauwa alikuwa anayasubiri tangu atoke Temeke. Akaitoa tochi kwenye msumari, akailaza kando ya chupa, akachukua kisu.

"Mzee, nikate?"

"Hiyo haihusiani!" Adelard akasema.

"Kata," akasema Mzee Najmuddin.

Akaupasua mpira kwa urefu. Unga wa kijani na magamba meupe ya chumvi vikamwagika mezani, na waya wa shaba ndani ulikuwa umeliwa nusu. Mauwa akakiweka kiganja chake chenye kovu pale pale. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, mwanangu," Mzee Najmuddin akasema. "Nilikufukuza bila kuuliza. Rudi kazini. Na hilo dude nalitupa leo hii."

"Wewe nimekusamehe, mzee. Kurudi nitafikiria. Ila hilo halitupwi."

Akairudisha tochi kwenye msumari wake, mpira ukiwa wazi, akalifuta jina lake kwa kitambaa. Kisha akamnyooshea fomeni kidole, kwenye mfuko wa shati ambamo chaki haikukosekana.

"Andika."

Adelard akamtazama mzee. Mzee akatazama chupa. Adelard akatoa chaki, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi ndogo, pembeni, karibu na dirisha.

Mauwa akalifuta.

"Kubwa," akasema. "Na hapa juu, ulipoliandika la kwangu."