Kiti cha Mfalme Kwenye Vilima vya Kericho

Niliondoka kwetu, ng'ambo ya ziwa, nikiwa na hasira. Mume wangu, Baba Tereza, alikuwa amekwenda kuchuma chai Kericho bila ruhusa ya mfalme. Mfalme akatoa amri: kila aliyetoroka apige magoti mbele ya kiti chake hukohuko alikokimbilia, la sivyo shamba lake litwaliwe. Shamba letu ni la migomba, na anayelipalilia ni mimi. Nikaamriwa nifuatane na mjumbe aliyepeleka kiti hicho, kisha nirudi kutoa ushahidi.

Melini tulikaa siku mbili. Kiti kilipewa kitanda, mimi nikalala sakafuni. Mjumbe, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi, alinikumbusha sheria kila saa: mtu asisimame mahali palipo juu kuliko kiti. Kwetu ni tambarare, sheria hiyo haisumbui mtu. Nahodha alikuwa ghorofa ya juu, lakini mjumbe akajifanya hamwoni.

Kutoka Kisumu tulipanda lori, tukafika Kericho saa nne asubuhi. Baridi yake, jamani! Baba Tereza na wenzake wa kwetu, kama ishirini, walikuwa katikati ya kilima, vikapu mgongoni. Mjumbe akaweka kiti chini, kando ya barabara, akawaita washuke.

"Hapa watu inachuma kutoka chini kwenda juu," akajibu nyapara, Mkipsigis mpole. "Hapana rudi chini mpaka laini iishe."

Baba Tereza akavua kofia. "Mzee mjumbe, sisi tuko tayari. Lakini tuko juu ya kiti. Tukipiga magoti hapa si tutakuwa tumemdharau mfalme?"

Mjumbe akatafakari, akaona ni kweli. Kiti kikapandishwa, na aliyekibeba kichwani ni mimi. Nilipompita mume wangu nikamnong'oneza, "Piga magoti tu, tuokoe shamba."

"Ndugu yangu alipiga," akasema. "Shamba lake liko wapi?"

Nikakiweka kiti sawa kichwani, nikazidi kupanda kwa hasira.

Saa nane, majani yalipokwisha kupimwa, wachumaji wakatufuata hadi kileleni kwa adabu zote. Wakakunja magoti nusu, kisha mmoja akaonyesha kilima cha pili. Kulikuwa na mama anachunga ng'ombe, juu yetu kabisa. Tukaenda huko. Nyuma yake kulikuwa na kilima kingine, na watu wanapalilia mahindi.

Saa kumi mvua ya mawe ikatushukia. Mjumbe alikuwa amechoka, kanzu imejaa matope. Akakaa. Akakaa juu ya kiti cha mfalme, mbele ya watu ishirini, akashika kichwa.

Kwetu mtu hunyongwa kwa hilo.

"Pumzika, mzee," Baba Tereza akamwambia. "Sisi hatujaona kitu."

Njia nzima ya kurudi mjumbe hakunitajia sheria hata mara moja. Barazani akainama mpaka chini, akasema wote walipiga magoti, tena kwa machozi. Mfalme akanigeukia. Nikasema ndivyo.

Shamba likabaki. Safari hiyo ilinifunza kwamba anayemwogopa mfalme kuliko sisi sote ni mjumbe wake. Mfalme alifurahi mno. Wiki hiyohiyo akawaruhusu wanaume sita wa kijiji chetu waende Kericho, wakajifunze heshima.