Panya Asiye na Tumbo

Niliondoka Wamunyu, kijiji chetu cha wachongaji, nikiwa nimeapa: nikirudi bila kujua kama kazi yangu inafaa, patasi zote nauza. Nimejifundisha kuchonga netsuke, vile vinyago vidogo vya wanyama vya Kijapani vya kale, kwa kutazama picha kwenye simu. Sikio la panya hunikosesha usingizi. Ndipo dada yangu Mwende, muuguzi Doha, akaniambia bibi Mjapani anayemhudumia ana trei nzima ya wanyama hao.

Kwenye ndege nilimtoa panya wangu kwenye soksi na kumkagua hadi jirani yangu akaomba kubadilishiwa kiti.

Ijumaa, siku ambayo huko hata makanisa huabudu, baada ya ibada Mesaimeer tulipanda teksi hadi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, anakoishi bibi huyo. Njiani Mwende alinionya nisiguse kitu, na nisiombe msamaha kabla sijakosa.

Ghorofani, bibi mwenyewe, Bi Haruko, alituwekea trei mezani: konokono, nyani, chui milia aliyejikunja. Alieleza kwamba kimono, vazi lao la kale, haina mifuko, hivyo wazee wao walining'iniza kijaluba cha vitu vyao kiunoni kwa kamba, na mnyama wa namna hii aliizuia kamba isichomoke kwenye mshipi. Alipoenda kuchemsha chai, mkono wangu ukamweka panya katikati yao. Mwende akanikanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa.

Bibi alirudi, akafumba macho, akaanza kuwataja wanyama wake kwa kuwapapasa, ndivyo anavyowasalimia. Alipomfikia panya akampindua.

"Huyu hana tumbo."

Picha za simu hazionyeshi tumbo. Chini nilikuwa nimemwacha bapa, kama twiga tunaowachongea watalii, ambao huwekwa tu rafuni. Wake walikuwa na nyayo, mikunjo, na matundu mawili ya kupitishia kamba. Nikakiri, nikaanza kuomba msamaha hata kwa ajili ya masharubu.

"Masharubu ni mazuri," alisema. "Lakini huyu ni wa kutazamwa. Kachonge wa kushikwa."

"Bibi, usimsifu," Mwende akadakia. "Atarudia masharubu mwaka mzima."

Bibi akamtia panya mfukoni mwa aproni. Alisema ni mateka hadi nimletee mwenye tumbo. Kwa sasa atamtumia kumlaghai mwanawe, anayejigamba kuwa mtaalamu wa netsuke.

Nyumbani, patasi sikuziuza. Nimejifunza kuanza na upande ambao jicho haliufikii, kwa kuwa kidole huufikia kwanza. Mama aliniuliza nimeleta nini kutoka Doha. Nikamweleza habari za tumbo kwa urefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akampigia Mwende simu kumuuliza kama alikuwa akinilisha.