Damu ya Mutura na Mazishi ya Mke Wangu

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa nikaacha shule darasa la tatu. Nikaja Nairobi kuosha matumbo ya mbuzi nyuma ya bucha moja mtaa wa Huruma. Harufu haikutoka mikononi hata kwa sabuni. Kazi hiyo ndiyo iliyonifunza mutura: utumbo unaujaza nyama iliyokatwakatwa, vitunguu, pilipili na damu, unauchemsha, kisha unauchoma. Bila damu huo si mutura, ni mchezo.

Mke wangu alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, na kanisa lake ni la huko. Miaka mingi hakuna aliyenisumbua. Halafu wakaingia wazee wapya wa kanisa, wakafufua ile barua ya mitume kwa waumini wasio Wayahudi: wasile vilivyotolewa kwa sanamu, wala damu, wala mnyama aliyenyongwa, na waache uasherati. Wakatangaza kwamba watu wa nyumba inayouza damu hawatazikwa na kanisa.

Wakati huo mke wangu alikuwa na saratani, na alijua haponi. Alitaka kitu kimoja tu: azikwe na kanisa lake, kina mama wenzake wakiwa na sare na vitambaa vyeupe. Akawaambia wazee kwamba nimeacha biashara. Alidanganya. Watatu wakaja kuhakikisha, wakanikuta kwenye jiko langu kando ya barabara, saa kumi jioni, wateja wamenizunguka.

Mkubwa wao akasema si lazima nifunge siku hiyo. Nisimame Jumapili mbele ya watu, niseme nimeacha, yaishe. Nikamuuliza ile barua ina makatazo mangapi. Akasema manne.

"La nne mbona hamlihubiri?" nikamwambia. "Ama mnangoja yule mama wako wa Tassia ahame kwanza?"

Wateja wakacheka. Mtaa mzima ulijua alikuwa akimlipia nyumba huko, na mkewe yuko Huruma.

"Mzee, hapa tunaongea mambo ya damu," akasema.

"Basi ongea ukienda. Unanizibia wateja."

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza.

"Ungesema tu, Baba watoto. Neno moja. Si wewe utakayelala pale."

Nikamjibu kwamba sijawahi kudanganya mbele ya watu wanaonidharau, na sitaanza uzeeni. Akageukia ukuta.

Alikufa baada ya wiki tatu. Kanisa halikuja. Walikuja kina mama sita na nguo za nyumbani, maana sare walikatazwa. Waliimba, wakamaliza, na mmoja akaniambia usoni kwamba mimi na yule mzee ni kitu kimoja, kila mtu na kiburi chake, na aliyelipa ni mwingine. Wale wazee sijawasamehe, na msamaha wao siutaki.

Leo nina majiko matatu, moja Huruma, mawili mtaa wa Baba Dogo. Nina nyumba ya mawe mtaa wa Lucky Summer, vyumba vinane vya kupangisha. Nina pikipiki na friji kubwa ya nyama. Nina watoto wanne, wote wamesoma, wawili hatuongei. Nina shamba la ekari moja nililonunua mwenyewe, na ndani yake kaburi moja la saruji.