Vidonge Chini ya Gunia la Mbwa

Mbwa wetu wa kwanza alikufa kwa kukohoa. Tulidhani ni vumbi la mtaa wetu wa Mishomoroni, kumbe ni minyoo ya moyo, ile inayoletwa na mbu. Daktari wa mifugo alipotueleza, maskini alikuwa ameshakwisha. Nililia hadi majirani wakaja kunipa pole, na walipojua msiba ni wa mbwa wakarudi kwao wakicheka.

Tulipopata wa pili, niliapa. Akapimwa damu, akaonekana hana kitu, nikapewa vidonge vya kinga, kimoja kila mwezi bila kukosa. Mume wangu akaguna. Alisema mbwa ni mbwa, dawa ni za watu. Mimi nikiamua nimeamua. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukitoka kanisani, nilificha kidonge ndani ya kipande cha hamri, andazi letu la Pwani, nikakichovya kwenye mbaazi za nazi. Mbwa alikipokea kwa adabu zote, akaenda kukila kwenye gunia lake barazani. Nilijisifu mtaa mzima.

Karibu na Krismasi, nikifagia baraza, nililiinua lile gunia. Ala! Vidonge vinne, vimerambwa mbaazi hadi vimetakata. Miezi minne nilikuwa nikimlisha mbwa hamri tu, na mbu wa kwetu hawana huruma. Niliogopa, kusema kweli.

Kwa daktari, mume wangu ndiye aliyembeba mbwa, nami nikashangaa. Damu ikachukuliwa. Tukiwa tunangoja majibu, daktari akauliza mbwa hulala wapi. Nikasema barazani, kwenye gunia. Mume wangu akajikohoza.

"Hulala ndani ya chandarua," alisema.

Chandarua gani? Kile cha wageni, nilichokitafuta nyumba nzima hata nikamnunia wifi yangu nikidhani amekibeba! Baba watoto ndiye hufunga mlango usiku na kuufungua alfajiri, kwa hiyo sikuwahi kukiona kimetundikwa.

"Si ulisema mbwa ni mbwa?" nikamuuliza.

"Yule wa kwanza ulimlilia wewe. Aliyemchimbia kaburi ni mimi."

Nikasogeza kiti changu karibu na chake.

Majibu yakatoka: hana minyoo. Daktari akatuonya kwamba chandarua pekee hakitoshi, kwani mbu humuuma hata jioni akizurura uani, na minyoo michanga haionekani kwenye kipimo. Turudi baada ya miezi sita, na kidonge kisikose. Tukarudi, bado mzima. Siku hizi kidonge anatoa mume wangu: humfungua mbwa mdomo, akakisukuma nyuma ya ulimi, akamsugua koo hadi ameze. Hamri huja baadaye.

Wifi yangu nilimwomba radhi. Alipokuja kulala kwetu Pasaka, kaka yake alimnunulia chandarua kipya, maana kile cha wageni sasa kina mwenyewe.