Chumvi ya Chungu Kimoja

Mke wangu tulimzika kwenye kiwanja chetu, ng'ambo ya shamba la kahawa. Waliokuja msibani walisema alikuwa mpole na mcha Mungu. Ni kweli. Lakini mimi nikikaa peke yangu, namkumbuka akipanga bei ya chumvi.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipojaa makambini, kuanzia Kibondo mpaka kwetu Kasulu. Tuliuza maharage yote ya msimu, tukanunua gunia moja la chumvi ya Uvinza. Mimi nililisukuma kwa baiskeli, yeye akakaa nalo sokoni, akipima kwa kopo. Wiki hiyohiyo mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, akashusha lori zima la chumvi. Akaiuza kwa kilo, chini ya bei tuliyonunulia sisi. Wateja wote wakahamia kwake. Na mvua zilikuwa zimeanza. Chumvi ikipata unyevu hutoa jasho. Kila asubuhi chini ya gunia letu palikuwa na maji, na maji yale ndiyo yalikuwa maharage yetu.

"Tushushe bei," nilimwambia.

"Tushushe mpaka wapi, baba watoto? Yule ana lori. Akiteremka shimoni, na sisi tumfuate?"

Siku ile hakuuza kitu. Alikaa akilitazama duka la yule bwana. Tulipokuwa tunafunga, akanionyesha jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu nami sikuliona: wanawake wa kambini waliingia dukani, wakaigusa chumvi, wakauliza, wakatoka mikono mitupu.

"Hawakimbii bei wale," alisema. "Wanakimbia mizani. Pesa ya kilo nzima wataitoa wapi?"

Kesho yake alichukua majani makavu ya mgomba akafunga vipeto vidogo, kila kimoja chumvi ya chungu kimoja. Tukaenda kukaa kwenye njia waliyopita wanawake wale wakitafuta kuni. Mama mmoja Mkongo alitua mzigo wake, akashika kipeto, akakirudisha.

"Miye sina franga, mama, sina hata shilingi. Niko na mahindi tu, ya mgao."

"Lete kiganja kimoja."

"Kiganja cha nani? Cha bwana yako huyu? Ataninyang'anya chakula ya watoto!"

Wenzake wote wakaitazama mikono yangu mikubwa, wakacheka. Mke wangu naye akacheka.

"Chako wewe, mwenye chungu."

Basi bei ikawa hiyo: kiganja cha mnunuzi mwenyewe. Aliyekonda alitoa mahindi machache, aliyenenepa alitoa mengi, na kila mmoja alipata kipeto kilekile, na chembe za nyongeza juu. Nilisimama pale na baiskeli yangu nikashangaa. Nilisoma mpaka darasa la saba, hesabu nilipenda, lakini sikuwahi kufikiri kwamba bei inaweza kukaa mkononi mwa mteja.

Sitaficha jambo moja. Ukivikusanya vipeto vile mpaka kufika kilo, chumvi yetu ilikuwa ghali kuliko ya dukani. Nilimwambia hivyo.

"Najua," alijibu. "Lakini yule anauza kilo. Mimi nauza mboga ya leo."

Mpaka sasa sijui kama jibu lile linatosha. Ninachojua ni kwamba walikuja, na walituma wenzao, na gunia likaisha kabla mvua haijalimaliza. Mahindi tuliyauza Buhigwe, tukapata pesa ya gunia jingine.

Nilidhani sasa tutarudi Uvinza. Yeye akaenda moja kwa moja kwa yule mwenye duka, akamwamkia, akaomba gunia zima.

Yule bwana aliweka kikombe chake cha kahawa chini. "Si wewe, mama, unayeuza chumvi kama mimi?"

"Ni mimi."

"Sasa nikwambie ukweli. Bei hii niliiweka ili uondoke sokoni."

"Niliona, baba. Ndiyo maana nimekuja mapema, kabla hujaipandisha."

Yule bwana akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. "Subhanallah! Mpeni gunia. Kavu, la juu."

Tukalifunga kwenye baiskeli. Manyunyu yalianza, mke wangu akavua kitenge cha begani akalifunika, yeye mwenyewe akilowa. Mimi nilisukuma mbele, yeye akashikilia kwa nyuma. Tulikuwa tumeshazaa watoto watatu, na nilikuwa ndiyo kwanza namjua niliyemuoa.