Mwendo wa Kikapu

Harufu ya udongo mwekundu uliolowa mvua ilitupokea kila asubuhi kwenye kilima cha nyuma ya nyumba ya shangazi, huko Beu, mjini Beni, tulikokimbilia vita vilipofika kwenye mashamba yetu ya Eringeti. Mama alikuwa ameshaamua: tungeendelea kwa miguu hadi Butembo, kwa mjomba, tukibeba mbegu zetu za maharage. Asiyeweza mwendo wa kikapu angebaki kwa shangazi, na asiyeweza ni mimi. Wanawake wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, nao huenda kwa hatua fupi, nyepesi, za upesi. Mimi nilitupa miguu kama askari wa gwaride. Kikapu kikayumba, kikanivuta nyuma, nikakaa matopeni.

"Masika, hapana tupa miguu vile!" Mama alifoka. "Kidogo-kidogo, lakini mbio. Ukishindwa, utabakia kwa tantine."

Shangazi nilimpenda, ila kutengana na mama wakati wa vita nilikuona sawa na kufa. Nikapanda na kushuka kile kilima hadi kamba ikanichubua paji la uso. Shangazi alinicheka, eti narukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Acheke tu, penye nia pana njia. Siku ya kuondoka, mama alinifunga kikapu mgongoni, tukashika njia.

Njiani, tukiteremka bondeni, risasi zikalia nyuma yetu. Wanaosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kuzisikia zikikaribia.

"Tupa kitunga, mutoto yangu, tukimbie!"

"Hapana, mama! Niko nafika nayo."

Niliogopa mno, lakini miguu ilijua kazi yake. Nikashuka mbele ya mama, hatua fupi fupi, kikapu kimetulia mgongoni. Msimu ule tulipanda mbegu zile kwenye shamba la mjomba, tukala cha jasho letu.

Leo naishi Butembo, na upande wa Beni watu bado wanakimbia. Binti zangu hupanda pikipiki; kamba ya paji la uso wanaiona ya kizamani, wala siwalaumu. Majirani wengi hulima maharage peke yake, kwa kuwa huiva upesi: mtu hupanda, huvuna, huondoka. Mimi nimechoka kuwa mwepesi. Mwaka huu nimepanda kahawa, zao linalotaka miaka, na sing'oki hapa mpaka niivune.